Meno Mawili ya Kusikiliza

4 Februari

Kwa mume wangu Babu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye hasira zako kamili, maana Mama aliniambia ulipata mafua ukawa mpole, tukaogopa sana. Bibi naye mpe shikamoo yake, usiimeze njiani. Mwambie kile kitenge alichonipa nimekifanya pazia. Si dharau, ni kwamba dirisha langu linatazamana na choo cha wapangaji.

Huku sote wazima. Dada kajifungua mtoto wa kiume mwenye kichwa kama chako, na hilo tumelipokea kama mapenzi ya Mungu. Ningekupigia simu, lakini Mama anasema ile aliyokununulia umeitumbukiza kwenye ndoo ya kupozea vyuma, eti inaongea kama mtu aliyejaza pamba mdomoni. Basi nakuandikia, na yule dereva wa lori la saruji anayepita huko kwenu atakuwa tarishi wetu.

Sasa kaa kwanza. Nimeacha kazi. Yule bosi wangu wa mageti alitaka niendelee kuchomelea maua ya bati mpaka nizeeke, na kila mteja akija ananitambulisha kama "binti anayetusaidia". Juzi nikavua miwani ya kuchomelea, nikamvalisha yeye, nikaondoka. Nimepanga kibanda nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, nimejenga tanuri, na wachonga mawe wa machimboni wamekubali niwafulie na kuwanolea tindo zao zote kuanzia mwezi wa tano. Ni kazi ya kunilisha mwaka mzima, Babu. Ila sina fuawe la kupigia chuma. Nafulia juu ya kipande cha reli, na kila nikipiga nyundo kinaruka kama chura.

Hapa yuko muuza vyuma chakavu tunayemwita Bwana Kutu, ana mafuawe matatu ya zamani. Akiba yangu yote inatosha moja tu. Nikiuziwa bovu, sina pa kwenda ila kwa yule bosi, ambaye ameshatangaza kwamba miwani yangu ameitundika kwenye msumari, inanisubiri. Nifundishe kulijua fuawe zuri kabla sijatoa pesa.

Fuawe lako mwenyewe, Bibi Mkubwa, silitaji kabisa. Najua uliniahidi tangu nikiwa sijaota meno ya mbele kwamba litakuja kuwa langu. Lakini lina kazi huko. Libaki, likuhudumie.

Mjukuu wako,
Cheche


19 Februari

Mke wangu mdogo Cheche,

Marahaba. Mafua niliyapata kweli. Upole ni uzushi wa mama yako. Bibi yako mzima na anakusalimu. Kuhusu pazia anasema sawa, ila yeye alipokuwa na umri wako kitenge alikivaa, na watu ndio waliochungulia. Huyo mtoto mwenye kichwa changu mtunzeni, vichwa hivi havitengenezwi tena.

Umefanya vizuri kuacha kazi. Kosa lako ni kumwachia miwani. Miwani ni yako, nenda kaichukue.

Sasa fuawe. Usiende umependeza. Vaa nguo ya kazi, zunguka uwanja wake, uliza bei ya bawaba, lalamika. Ukishaliona unalolitaka, lipe mgongo. Halafu usivutwe na ukubwa wala sura. Tazama uso, pale juu panapopigwa. Ukikuta umebonyea kidogo katikati si neno, hata mimi nimebonyea. Kingo zikiwa zimemeguka hapa na pale, huo ni uzee wa heshima. Lakini fuawe kuukuu lenye uso laini na kingo kali kama limetoka kiwandani jana, likimbie. Mtu amelisaga kwa mashine, na lile bamba la chuma kigumu la juu limebaki jembamba kama ganda la kitunguu. Lile bamba ndilo unalolipia. Kilichobaki chini ni uzito tu. Paka chaki ubavuni, alama na namba za uzito zitajitokeza zenyewe, Bwana Kutu asikudanganye.

Kisha chukua gololi ya chuma, zile za kwenye beringi, uiachie kutoka juu kiasi cha shubiri. Lazima iruke irudi karibu na vidole vyako. Ikidunda kivivu, hapo pamekufa. Idondoshe kila mahali, maana yapo mafuawe yaliyo hai upande mmoja na maiti upande wa pili, na nina shemeji wa namna hiyo. Ukimaliza, pitisha tupa, ile ya kunolea panga, kwenye kona. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikila, aga uondoke.

La mwisho ndilo kubwa: mlio. Wengi hugonga wakatega sikio. Wewe usitegemee masikio, masikio yanaamini kila yanachoambiwa. Tafuta kijiti kikavu cha mti mgumu. Ncha moja ing'ate, ncha ya pili iegemeze ubavuni mwa fuawe, halafu gonga kwa nyundo ndogo. Kama ni zima, mlio utapanda mpaka utosini. Kama lina ufa, utausikia ukikwaruza kwenye fizi. Mimi nimebakiwa na meno manne: mawili ya kula na mawili ya kusikiliza. Yananitosha.

Umesema Bibi Mkubwa humtaji, halafu ukamtaja. Bibi yako, ambaye kama unavyojua anamwita fuawe huyo mke mwenzake, amecheka mpaka akakaa chini. Sikuulizi kwa nini hukumwomba. Nawe usiniulize kwa nini sijampakia kwenye lori.

Babu yako


10 Machi

Mume wangu Babu,

Shikamoo yako, na ya Bibi. Mtoto wa Dada sasa anacheka usingizini. Mama anakulalamikia: anasema alipokuja kuwaona alipiga hodi mpaka koo likakauka, na wewe ulikuwa umekaa ndani unanoa panga umempa mgongo. Alipokushika bega ukaruka nusura umkate. Anauliza kama umemnunia.

Miwani nilikwenda kuichukua. Bosi akanipa huku anatabasamu, akasema niiazime tu, nitairudisha nikirudi. Jana akaja kibandani, akatazama tanuri, akaweka mguu wake juu ya reli yangu kama mtu anayepigwa picha. "Mwezi wa tano si mbali," akasema. Usiku huo usingizi ulikataa.

Kwa Bwana Kutu nimeshakwenda. Ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na uwanja wake unanuka oili chafu na paka. Nilivaa nguo za kazi kama ulivyoagiza na nikalalamikia bawaba mpaka akaniletea kiti. Fuawe la kwanza halina pembe, ile ncha ya mbele imekatika yote, hilo tuliache. La pili ni jeusi, kubwa, limepakwa rangi linang'aa, namba zake zinasomeka bila chaki. Nimelipa jina Bwana Harusi. La tatu ni chafu, limezungushiwa mnyororo kiunoni na kufungwa kwenye nguzo ya geti. Mlinzi analikalia mchana kutwa, sidhani kama kuna mtu aliyewahi kulitazama zaidi ya makalio yake.

Nililigonga Bwana Harusi. Babu, lililia. Lililia kama Bibi Mkubwa alivyokuwa akilia asubuhi nilipokuwa mdogo, mpaka mlinzi akageuka. Yule Mchafu nilipomgonga alitoa sauti ya gunia la maharage. Gololi nilisahau nyumbani, na nitakuwa mkweli, sikuhangaika kuitafuta. Tupa, Bwana Kutu alinikatalia nisimkwaruzie rangi. Na habari ya kung'ata kijiti mbele ya wanaume wazima wanaokunywa soda, unisamehe, hiyo sikuiweza. Nilidhani unanitania.

Nimempa Kutu kianzio kidogo aniwekee Bwana Harusi, nakusanya zilizobaki. Nijibu upesi.

Nataka kukuuliza jambo dogo tu, usilikuze. Bibi Mkubwa siku hizi analia vizuri?

Cheche


26 Machi

Cheche,

Marahaba, na leo hakuna mke wangu mdogo, leo nina hasira.

Mwambie mama yako sikumnunia. Nilikuwa nanoa, na mtu anayenoa hajibu hodi. Wageni nao wajifunze kukohoa usoni kwa mwenye nyumba. Bibi yako siku hizi anaongea kwa mikono kama anayefukuza nzi, na tunaelewana vizuri kuliko zamani.

Sasa wewe. Nimekuandikia karatasi mbili kwa mkono unaotetemeka, umetumia mstari mmoja. Nani anapaka rangi fuawe? Fuawe linapigwa, rangi yake haikai hata juma. Anayelipaka rangi anaficha kitu, na mara nyingi kitu chenyewe ni moto. Karakana ikiungua na fuawe limo ndani, bamba lote linalegea. Kwa nje ni lilelile na mlio wake ni uleule, unaweza hata kuchezea harusi. Ila ukilifulia mwezi mmoja linabonyea kama godoro. Muulize huyo Kutu kama nyumba lilikotoka ina paa.

Na huyo Mchafu umemhukumu akiwa amefungwa kiunoni. Nikukabe wewe shingo halafu nikwambie uimbe? Mfungueni mnyororo kwanza, mumkalishe juu ya gogo, ndipo mumgonge.

Nakuamuru kama babu yako na kama mume wako: usilipe hata senti nyingine kabla ya gololi, tupa na kijiti. Wanaume wanaokunywa soda hawatakulipia kodi. King'ate kijiti wakuone, wacheke, waende.

Bibi Mkubwa analia kama siku niliyomleta. Bibi yako anaziba masikio. Usiniulize tena.

Babu yako


20 Aprili

Babu,

Shikamoo. Huku wazima, mtoto anatafuna ngumi yake. Bibi mpe salamu zangu, halafu ukae naye karibu unaposoma barua hii. Ina mambo.

Barua yako ilichelewa. Lori lilivunjika ekseli na dereva akalala nalo porini siku kadhaa. Alinikuta uwanjani kwa Bwana Kutu, pesa zikiwa zimefungwa kwenye khanga, Kutu ameshalamba kidole gumba tayari kuhesabu. Dereva akanikabidhi bahasha ikiwa na alama ya vidole vya saruji. Nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwenye yale maneno ya paa nikainua macho nikamuuliza Kutu: "Bwana Harusi alitoka wapi?" Akaanza kuniambia habari za ubora wa rangi. Nikamuuliza kama kulikuwa na paa. Babu, yule mtu alibadilika rangi, akatazama viatu vyake.

Dereva alikuwa na beringi mbovu kwenye sanduku lake la vifaa. Tukaivunja, tukatoa gololi. Juu ya Bwana Harusi ilianguka ikalala palepale. Tupa ikamla kama sabuni. Nikadai kianzio changu, Kutu akaniambia kianzio hakirudi. Nikamwambia sawa, basi tumfungue yule wa getini kwa kianzio hichohicho. Mlinzi aligoma kuinuka. Tulimpa ndoo akalie.

Tulipomsugua Mchafu alitoka na uso uliobonyea kidogo, kingo zimemeguka, kama ulivyosema. Gololi iliruka ikanipiga kidevuni. Tupa iliteleza. Nikapasua kipande cha mpini wa zamani wa shoka, nikaking'ata, nikaegemeza, nikagonga. Wakacheka kweli, walivyocheka, mmoja soda ilimtokea puani. Mimi sikuwasikia. Mlio ulipanda kwenye taya ukajaa kichwa kizima, nikafumba macho. Nikajiuliza kama ni masikio au ni meno, kwa hiyo nikayaziba masikio kwa vidole na nikamwambia dereva agonge yeye. Nilisikia vilevile. Vilevile kabisa, Babu, masikio yakiwa yamezibwa.

Nilikaa juu ya Mchafu mbele ya watu wote. Simu inayoongea kama pamba, hodi ya Mama, Bibi anayefukuza nzi, meno mawili ya kusikiliza. Nilicheka ulipoyaandika. Tangu lini husikii, Babu?

Na kama unasikiliza kwa meno, basi unajua. Nilipokuja mwaka jana uliniambia nimpige Bibi Mkubwa, nikampiga, akatoa sauti ya debe lililotoboka. Wewe ulikuwa umesimama pembeni unatabasamu, ukaniuliza, "Umesikia huyo?" Nikakujibu nimesikia, anaimba. Nilidhani hujui. Ndiyo maana nilikataa kumtaja, na ndiyo maana ninanunua kwa mtu wa kutu. Sikutaka uje kugundua kwa sababu yangu. Nimekaa na jambo hili kooni mwaka mzima.

Mchafu nimemnunua. Yuko kibandani juu ya gogo. Sijafurahi bado, nasubiri jibu lako.

Cheche


9 Mei

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Nimekaa karibu na bibi yako kama ulivyoagiza, nikamsomea barua kwa sauti. Anasema nimesoma kwa sauti kubwa mno. Sasa na majirani wanajua kwamba umenunua fuawe.

Masikio yaliondoka kidogokidogo, kama wageni wasioaga. Kwanza ndege, kisha mvua kwenye bati, kisha bibi yako, na hapo nilidhani amenuna. Sikumwambia mtu kwa sababu najua watu. Wangeanza kunipigia kelele usoni kana kwamba nimehamia ng'ambo ya mto, na mama yako angenipeleka kwa daktari nikae kwenye benchi na wagonjwa. Maneno ya watu sijayakosa sana, mengi nilishayasikia. Nilichokosa ni nyundo ya kwanza ya asubuhi. Kwa hiyo nikatafuta kijiti. Kila asubuhi niling'ata, nikagonga mara moja, nikasikia, ndipo nikaanza kazi.

Bibi Mkubwa alipasuka mwaka juzi, nilipokuwa nanyoosha ekseli ya mkokoteni. Bamba lilibanduka upande wa pembe. Kesho yake nilipong'ata kijiti, fizi zilikwaruzwa mpaka nikatokwa na machozi. Nilijua saa ileile. Ulipokuja nikakuambia umpige kwa sababu nilitaka kukuona usoni, nijue kama umejua. Ukasema anaimba. Nikafurahi, nikasema mtoto huyu hana masikio kabisa, kumbe tulikuwa wawili waongo tumesimama kwenye banda moja.

Sikukupa kwa sababu nilikuahidi fuawe, si maiti. Nimeendelea kumpiga kila asubuhi kwa sababu nikinyamaza bibi yako atadhani nimekufa, na yeye ni mwepesi wa kuolewa. Leo ameniambia, kwa mikono na kwa mdomo na mwisho kwa mwiko, kwamba alisikia ufa siku ileile. Alipita nyumba hadi nyumba kuwaonya majirani: atakayecheka mlio wa mke mwenzake atakutana naye kisimani. Miaka miwili mtaa mzima unasikiliza debe na hakuna aliyecheka. Nimelia, Cheche. Ukiulizwa, sema ulikuwa moshi.

Basi yameisha. Tanuri nimelifagia. Nakutumia kijiti changu kwa dereva, kimefungwa kwenye kitambaa. Upande wenye alama mbili ndio niliokuwa naung'ata. Wewe ng'ata upande mwingine. Mimi huku sina tena cha kusikiliza.

Babu yako


24 Mei

Mume wangu,

Shikamoo kubwa, nimeiandika kwa herufi nene ili uisikie.

Mtoto anajigeuza kifudifudi. Tindo za kwanza zimekwenda machimboni na zimerudi butu kwa kazi, si kwa ubovu, na wachonga mawe wa machimbo ya pili nao wamekuja. Bosi alipita. Akataka kuweka mguu juu ya Mchafu, nikampa nyundo nikamwambia apige mara moja. Ilimrukia mpaka karibu na paji la uso. Akaondoka bila kutaja mwezi wowote.

Sasa kazi zimenizidi, nahitaji fuawe la pili. Bwana Kutu ameleta manne mapya na yote ameyapaka rangi. Nilikwenda na kijiti chako, nikang'ata moja baada ya jingine. Yote niliyasikia yanalia. Kutu akacheka, na sikujua kama anacheka kwa sababu yote ni mazima au kwa sababu mimi ni mjinga. Mimi nimeng'ata fuawe zima moja tu maishani mwangu. Ufa sijui unavyokwaruza. Anayejua ni wewe.

Kwa hiyo sikiliza kwa unachosikilizia. Jumamosi dereva atapita hapo asubuhi. Mpakieni Bibi Mkubwa nyuma. Uliniahidi tangu sijaota meno, hukusema akiwa mzima tu, na sasa namdai. Nitamweka kando ya Mchafu, nimng'ate mpaka fizi zangu zijue ufa unavyosema, ndipo Kutu asiniweze tena. Kiti cha mbele ni chako. Bibi akitaka kumsindikiza mke mwenzake, nafasi ipo, pazia nitalitoa dirishani alivae.

Kijiti nakurudishia kwa dereva huyuhuyu. Sirithi kitu cha mtu aliye hai. Njoo nacho kinywani.

Cheche